Wasomao Uso wa Mbingu

Siku moja Bwana Yesu, akiwa amezungukwa na makutano ya watu, aliwakubalia jambo moja na kuwakemea kwa jambo jingine papo hapo. Mwinjili Luka ameiandika habari hiyo katika sura ya 12 ya Injili yake. Watu wale walijua kusoma mbingu. Walipoona wingu linapanda upande wa magharibi walisema mvua yaja, nayo ikaja. Walipousikia upepo wa kusini walitazamia joto, nalo likawa. Bwana hakusema kwamba wamekosa. Hakuwaambia kuwa ni dhambi kutazama mawingu, wala kwamba mtu mwenye imani hana haja ya kujua hali ya kesho. Aliikubali elimu yao, kisha akawauliza kwa ukali kwa nini macho yaonayo mbali hivyo hayaoni majira yaliyo mbele yao.

Mkristo wa Mahagi asomaye sura hiyo hana budi kwanza kugeuza pande za dunia. Katika nchi ya Wayahudi bahari iko magharibi, na jangwa liko kusini. Kwa hiyo huko wingu la magharibi ni la mvua, na upepo wa kusini ni wa joto. Bahari ya Mahagi ni ziwa Albert, nalo liko mashariki, chini kabisa ya ukingo wa milima. Mji umekaa juu, kadiri ya meta 1,700 kupita usawa wa bahari kuu. Maji ya ziwa yako kwenye meta 620 hivi. Mtu ashukaye toka vilimani mpaka Mahagi-Port hushuka zaidi ya meta 1,000, na koti alilolivaa asubuhi hulichukua mkononi kabla hajafika nusu ya njia. Mara nyingi wingu kubwa la dhoruba hutoka upande wa ziwa, likaenda magharibi. Huko ndiko wazee wageuzapo nyuso zao kila asubuhi.

Sababu yake si siri. Mchana jua huipasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa hupanda kwa kuufuata mteremko, na ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu juu ya vilima. Ndiyo maana mvua za milimani hupenda kuja alasiri. Usiku mambo hupinduka. Milima hupoa upesi, hewa baridi hushuka bondeni na kukutana na hewa ya ziwa ambalo bado lina joto, na dhoruba huzaliwa juu ya maji katika saa zile zile ambazo wavuvi wako kazini na taa zao. Tena Mahagi iko kaskazini ya ikweta kwa digrii 2 na kidogo tu. Jua hupita juu ya vichwa vya watu mwishoni mwa Machi, na mara ya pili katikati ya Septemba, na mvua huzifuata nyayo zake. Halafu huja kiangazi cha Desemba, Januari na Februari, wakati vumbi la barabara hupaa na ng'ambo ya ziwa haionekani.

Basi wasomao mbingu katika nchi hiyo si wachache, nao hawana cheo wala mshahara. Ni mwenye kahawa aliyeitandaza juani. Ni mama aliyeanika mihogo kisha akaenda sokoni, na ambaye katikati ya bei hulitupia jicho wingu. Ni mvuvi atiaye kidole majini kabla ya kuusukuma mtumbwi. Wapo vijana ambao siku hizi huutafuta utabiri katika simu na kuutangaza kijijini kana kwamba wameuandika wao. Katika hayo yote hakuna ubaya, ila yule ambaye amekuwa mtumwa wa kutazama. Mhubiri wa Agano la Kale alimjua: ni mkulima aulizaye upepo kila siku, asipande kamwe.

Kanisa nalo halikudharau elimu hiyo. Padre Benito Viñes, Mjesuiti, alikuwa mkuu wa nyumba ya kupimia hewa katika koleji ya Belén mjini Havana, katika kisiwa cha Kuba. Kila siku, mwaka hadi mwaka, alipima uzito wa hewa na kuandika jinsi mawingu membamba ya juu kabisa, yaliyo kama manyoya, yanavyotandaa. Mnamo Septemba 1875 aliwaonya watu kwamba tufani inakuja, siku moja au mbili kabla haijafika. Ndugu yake katika shirika, Padre Federico Faura wa Manila, alifanya vivyo hivyo katika visiwa vya Filipino tarehe 7 Julai 1879. Mapadre hao waliomba mbele ya altare, kisha wakaenda kwenye vipimo vyao, wala hawakuona kwamba kazi hizi mbili zapigana. Karibu na Mahagi, huko Nioka, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa mwaka 1933, INEAC, lilikuwa na kituo chake, ambako mvua ilipimwa na kuandikwa kwa ajili ya mashamba na malisho ya ng'ombe.

Lakini mtu aliyeziandika sana mbingu za upande huo kabla yao wote alikuwa mganga wa Kijerumani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840, na ulimwengu wamjua kwa jina la Emin Pasha. Aliitawala Ikweta kwa niaba ya serikali ya Misri, na tangu mwaka 1885 makao yake yalikuwa Wadelai, kando ya Nile, katika nchi ya Waalur. Vita vya Mahdi vilikuwa vimemfungia njia ya kaskazini. Barua hazikuja wala mishahara haikuja, naye aliendelea kupima joto, kutazama upepo, kuandika mvua na kukusanya ndege. Na hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo mbingu zilimficha. Kusini ya ziwa umesimama mlima Ruwenzori, ambao kilele chake kina meta 5,109, na juu yake ipo theluji, yaani mvua iliyoganda ikawa nyeupe kama pamba. Mwingereza Baker alilifikia ziwa mwaka 1864 asiseme neno juu ya theluji. Emin alikaa jirani na ziwa kwa miaka. Ndipo Aprili 1888 wenzake Stanley wawili, Jephson na Parke, walipoiona. Stanley mwenyewe aliiona tarehe 24 Mei, ukungu ulipofunguka. Theluji hiyo, ambayo mwaka 1906 ilifunika kadiri ya kilomita za mraba 6 na nusu, leo haifiki kilomita 1, maana dunia imezidi joto. Wengine hawakuiona kwa sababu ya ukungu. Watoto wa leo huenda wasiione kwa sababu imekwisha.

Mlima ulifichwa na ukungu, na hilo si kosa la mtu. Yaliyompata Emin miezi michache baadaye yalikuwa ya namna nyingine. Mnamo Agosti 1888, huko Dufile, askari wake mwenyewe walimwasi na kumtia kifungoni. Hao alikuwa nao kila siku, akila nao shida ile ile. Alikuwa na madaftari yaliyojaa habari za upepo, na upepo uliotoka katika mioyo ya watu wake ulimwangusha. Msomaji asimcheke. Ni nani aliyeweka daftari la mambo hayo?

Waalur wa kale walikuwa na njia yao. Kwao mvua ilikuwa mkononi mwa mtawala, rwoth. Mwingereza Aidan Southall, aliyewachunguza na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1956, ameeleza jinsi majirani wao, Walendu na Waokebo, walivyokuwa wakimchukua mwana wa rwoth akae kwao, bila vita wala kushurutishwa. Walimtaka kwa mambo mawili: awaletee mvua, na akomeshe ugomvi uliowala ukoo kwa ukoo. Mkristo ajua kwamba hakuna mwanadamu ashikaye mvua, awe rwoth au awe mchawi. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, naye huwanyeshea wema na wabaya bila kuuliza majina. Katika hilo wazee walikosa. Lakini walipotafuta mtu mmoja wa kuitazama mbingu na kupatanisha watu, walikuwa karibu na Injili kuliko walivyojua.

Maana neno la Bwana juu ya mawingu halikuishia kwenye mawingu. Wahubiri wengi hukomea hapo, na ni hasara. Luka aendelea mara moja na habari ya watu wawili waendao pamoja kwa hakimu. Mmoja ana deni au kosa. Bwana amshauri apatane na mwenzake wakiwa bado njiani, asije akatiwa mkononi mwa askari na kufungwa mpaka alipe kila senti. Kwa nini shauri hilo limewekwa hapo, kando ya wingu na upepo? Kwa sababu ndiyo majira ambayo watu wale hawakuyasoma. Aonaye wingu hukimbia kuanua. Aonaye uso wa jirani yake umebadilika hukaa akitazama.

Katika vilima vya Ituri jambo hilo si maneno matupu. Radi ikiua ng'ombe au mtoto, wapo waulizao mara moja ni nani aliyeituma. Setilaiti zilizohesabu radi tangu mwaka 1998 hadi 2013 zimeonyesha kwamba mahali pa kwanza katika Afrika yote ni Kabare, huko Kivu ya Kusini: radi kama 205 katika kila kilomita ya mraba, kila mwaka. Kama kila radi ingekuwa na mchawi wake, huko Kabare asingebaki mtu wa kulima. Lakini hesabu haimzuii mtu mwenye uchungu. Mara nyingi yule anayetajwa ni mama mzee asiye na wana, au jirani ambaye tayari ana ugomvi na mwenye msiba. Radi imeanguka mara moja tu, nao wameifanya ianguke mara ya pili, na safari hii ni wao waichaguayo nyumba.

Nalo ziwa limeona mengi. Tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyowachukua wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao toka Uganda ilizama, wakafa watu zaidi ya 200. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na mbingu haikuwa na hatia. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu na maelfu ya watu wa Ituri, wengi wao wa Djugu, walivuka maji hayo kwa mitumbwi wakikimbilia Uganda. Hao hawakukaa pwani kutazama mawingu. Dhoruba waliyoiogopa ilikuwa nyuma yao, nchi kavu.

Msomaji na afikirie sasa mzee mmoja, mkristo wa zamani, mwenye shamba la kahawa na maharage juu ya kilima kilichoelekea ziwa. Huu ni mfano tu, lakini watu wa vilimani watamjua. Juu ya mti uliokatwa ameweka kopo la maziwa, na ndani yake kijiti chenye alama za kisu. Hilo ndilo kipimo chake cha mvua. Ana daftari la shule. Kila asubuhi huandika upepo umetoka wapi, ziwa lina rangi gani, na kama vilima vya ng'ambo, vya Uganda, vyaonekana karibu, maana hewa ikiwa safi hata vikaonekana karibu, mvua haiko mbali. Huandika kumbikumbi wanaporuka. Mpwa wake ana simu.

"Mjomba, simu yasema mvua leo ni asilimia 40."

"Asilimia 40 ni kusema haijui."

"Na wewe wajua?"

"Najua kwamba kahawa yangu iko juani."

Alasiri moja ya Oktoba mzee aliona wingu likisimama juu ya ziwa, jeusi juu na lenye rangi ya majani mabichi chini yake. Aliita watu wa nyumba yake. Wakaanua kahawa, wakang'oa maharage yaliyokomaa, wakayaingiza ndani. Baadaye mvua ya mawe ilishuka. Mvua ya namna hiyo hupita kama mtu afyekaye njia: huku yapiga, huku yaacha. Ilipita juu ya shamba la jirani, na maharage yake yote yakalala chini pamoja na majani. Shamba la mzee liliguswa pembeni tu.

Haikupita juma moja watu wakaanza kunong'ona. Alijuaje, kama si yeye aliyeiita? Mbona mawe yalifuata mpaka kama yaliyopimiwa kamba? Ajuaye mvua, ndiye mwenye mvua. Vijana wa ukoo wa jirani wakasema kwamba wataleta mpiga ramli, na kwamba wazee wa kijiji wangemwita ajibu.

Mzee alishikwa na hasira na hofu pamoja, akaenda kwa katekista na daftari lake chini ya kwapa.

"Mwalimu, wataka kuniua kwa uongo. Tazama mwenyewe. Hapa nimeandika wingu, hapa upepo, hapa saa. Ni kutazama tu, si dawa."

Katekista akalisoma daftari polepole, kama mtu asomaye barua ya mwenziwe.

"Baba, ni kweli, hapa hakuna dawa. Umeandika kwamba wingu uliliona saa nane."

"Saa nane kamili."

"Na mawe yalianguka saa tisa na nusu."

"Ndivyo."

"Nyumba ya jirani yako iko mbali na yako?"

Mzee hakujibu upesi. "Hatua 200," akasema. "Labda hazifiki."

Hakuuliza zaidi. Wakakaa kimya wote wawili, na nje kuku wakalia. Kisha mzee mwenyewe akaanza kusema, bila kuulizwa, habari ya mistari miwili ya kahawa. Miaka sita nyuma, jirani alipokuwa ugenini kwa ajili ya vita, aliipanda hatua tatu ng'ambo ya mpaka. Jirani aliporudi aliiona, asiseme neno. Tangu hapo mama wa nyumba ile hakuja tena kuomba chumvi. Mtoto hakutumwa tena kuchukua moto. Njia kati ya nyumba mbili, ambayo zamani ilikuwa nyeupe kwa kukanyagwa, ilikuwa imeota majani mpaka magotini. Yote hayo mzee aliyaona kila siku alipokwenda kwenye kopo lake. Hakuyaandika.

"Jirani yako amekusingizia mawe," katekista alisema mwishoni. "Kwa mawe utajibu mbele ya wazee, na daftari litakusaidia. Lakini iko saa moja na nusu, na iko miaka sita. Hizo atakusemesha nani?"

Akafungua Injili kwenye sura ya 12 ya Luka, akamsomea si habari ya wingu bali ile ifuatayo, ya watu wawili walioko njiani.

Mzee alirudi nyumbani. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba yeye ndiye aliyetendewa mabaya, na ni kweli alikuwa ametendewa. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Usiku huo hakulala. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alimpa mpwa wake debe la maharage ya mbegu achukue kichwani, naye akashika jembe. Wingu dogo lilikuwa limekwisha simama juu ya ziwa. Wakaifuata njia ya majani.

Watoto wa jirani walipomwona anakuja na jembe walikimbilia ndani. Jirani akatoka, akasimama mlangoni na panga mkononi. Mzee akalilaza jembe chini, akavua kofia.

"Ndugu yangu, wingu la siku ile nililiona mapema. Nilikuwa na muda wa kukuita, nisikuite. Mawe sikuyatuma, lakini kunyamaza nilinyamaza. Haya ni maharage ya mbegu. Na ile mistari miwili ya kahawa iko katika ardhi yako. Nimekuja turudishe mpaka mahali pake. Miti ni yako, na matunda yake."

Jirani alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama juu ya bega la mzee, upande wa ziwa.

"Mzee, mvua yaja."

"Yaja. Bado kama saa moja."

"Itatosha?"

"Ikiwa tutaanza sasa."

Jirani akaingia ndani. Alipotoka panga lilikuwa lile lile, lakini mkono wa pili ulishika miche ya mpaka, aliyoikata nyuma ya nyumba. Wakaenda pamoja mpaka kwenye kahawa, na mpwa nyuma yao, simu yake mfukoni. Mzee alichimba, jirani akasimika. Walikuwa kwenye mche wa nne matone ya kwanza yalipoanguka, nayo yalikuwa maji tu.